Kurudi nao wote: ninavyopeleka watoto mikokoni

Kwenye begi langu la safari kuna chupa ya chai iliyojaa maji moto, na hairuhusiwi mtu kutia majani humo. Mwaka mmoja mwalimu mwenzangu, mgeni wa mambo haya, aliikuta kivulini Tongoni, akajitengenezea chai ya rangi, akateremshia maandazi yake na kunishukuru kwa ukarimu. Haikupita nusu saa mtoto akachomwa na mwiba wa samaki tasi aliyekufa ndani ya kipande cha wavu. Ikabidi tukaombe sufuria kwa mama mmoja jirani na kuwasha kuni upya, mtoto analia, mwalimu mwenzangu hajui aangalie wapi. Kazi ya maji hayo nitaieleza mbele.

Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Tanga, na kwa miaka 19 nimekuwa mlezi wa klabu ya mazingira. Safari zetu ni tatu: mikokoni Tongoni, kwenye mapango ya Amboni, na mara moja kwa mwaka, fedha ikipatikana, msitu wa Amani kule Usambara Mashariki. Mzazi akisikia neno safari, swali lake la kwanza ni nyoka. Katika miaka yote hiyo nimeona nyoka safarini mara nne, na wote walikuwa wanatukimbia. Waliowaumiza watoto wangu ni maji, jua, chaza na hesabu mbovu ya mwalimu wao. Kwa hiyo nyoka nitamgusa, lakini si wa kwanza.

Tarehe anaipanga mwezi

Mwalimu mkuu atataka safari iwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa sababu gari linapatikana. Mkatalie kwa adabu. Ukienda pwani, tarehe inapangwa na maji.

Huku kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanapwa mbali sana na kujaa juu sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana. Bahati nzuri ya walimu wa pwani ni kwamba siku za bamvua maji yanapwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa za masomo kabisa. Wiki moja baadaye, saa hizohizo, bahari imejaa, na ukifika na watoto 30 utawaonyesha maji tu.

Kanuni yangu ni hii: tunayafuata maji yakiondoka, hatuyasubiri yakirudi. Kama maji yatapwa saa nne na nusu, sisi tunaingia saa mbili na nusu na kugeuka saa nne na nusu, hata kama mtoto ameshika kitu cha ajabu kuliko vyote alivyowahi kuona. Usidanganywe na utulivu wa saa ya kwanza baada ya maji kugeuka. Yanaanza polepole kama mtu anayeamka, kisha saa ya tatu na ya nne yanakimbia: katika saa hizo mbili tu inaingia karibu nusu ya maji yote. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu, na mtoto wa darasa la tatu ana urefu gani?

Jambo la pili sikulisoma popote. Alinifundisha mzee mmoja mvuvi, nilipomwamkia na kumwomba atuongoze. Akaniuliza, "Mwalimu, maji yanakuja kutoka wapi?" Nikamwonyesha baharini. Akacheka, akanigeuza mabega nikatazama nchi kavu. Kati yetu na minazi kulikuwa na mkondo, kijito cha kina cha goti tulichokivuka asubuhi tukicheka. "Yanaanzia hapo," akasema. Fungu la mchanga unalosimama limeinuka, mkondo ulio nyuma yako umezama, kwa hiyo maji huuingia mkondo kwanza. Unatazama bahari iko mbali, imetulia, na kumbe njia yako ya kurudi imeshafungwa. Tangu siku hiyo nachomeka kijiti ukingoni mwa mkondo, si ukingoni mwa bahari, na mtu mzima mmoja anabaki pale. Maji yakigusa kijiti anapiga filimbi, na hapo hakuna mjadala.

Nenda kwanza bila watoto

Wiki mbili kabla, hali ya maji ikiwa ileile, naenda na mwalimu mmoja tutakayekuwa naye. Tunatembea njia nzima kwa mwendo wa watoto, maana yake tunasimama kila hatua 20. Natafuta kivuli cha kutosha watoto wote, mahali pa haja, mahali gari linapoweza kugeuza bila kurudi nyuma penye watoto, na mahali simu inaposhika. Hili la simu msilipuuze. Kuna kona moja mikokoni ambapo mtandao unakatika kabisa, na nimeichora kwenye daftari langu kwa wino mwekundu.

Siku hiyohiyo napita kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ukanda wetu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, nawapitia na wasimamizi wake kuuliza utaratibu. Kisha naenda zahanati. Naongea na mganga uso kwa uso, naandika namba yake ya simu, namuuliza wana nini na hawana nini. Dawa ya sumu ya nyoka haikai kila zahanati, kwa hiyo uliza mapema ni hospitali gani inayo. Kwetu rufaa ya mkoa ni Bombo, mjini, na najua kwa dakika ni mwendo gani kutoka pale gari linapoegeshwa. Namba za dharura 112 na 114 ninazo, lakini huko shamba gari lililo mbele yako lina thamani kuliko namba. Dereva wetu haondoki kwenda kutafuta abiria wa pembeni. Hilo tunaandikishana kabla ya kulipa.

Fomu ya mzazi

Barua ya ruhusa ya kawaida inasema mzazi amekubali. Hiyo ni ya kumlinda mwalimu mkuu. Ya kumlinda mtoto ni maswali ya nyuma ya karatasi, na wazazi wasiopenda kuandika nawapigia simu mmoja mmoja. Je, ana pumu, na dawa yake ya kuvuta iko wapi? Ana kifafa? Ana sikoseli? Aliwahi kuvimba uso akiumwa na nyuki? Anajua kuogelea, au anasema tu anajua?

Sikoseli tunayo sana ukanda huu. Mtoto mwenye sikoseli simwachi nyumbani, ila simwachi pia akaukiwe na maji mwilini wala kukimbizana juani, na Amani, kwenye baridi ya asubuhi, lazima awe na sweta. Mwenye kifafa anakuwa na mtu mzima wake peke yake tukiwa karibu na maji, hata maji ya kifundo cha mguu. Mwenye ualbino anapata kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua. Ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi ni nzuri, anapakwa kabla ya kutoka na tena baada ya saa mbili. Naye hatembei mwisho wa msafara. Sababu hatuzisemi mbele ya watoto, lakini kila Mtanzania anazijua.

Watu wazima ni wangapi? Kwangu msituni mmoja kwa watoto wanane, kwenye maji mmoja kwa wanne. Nikikosa watu napunguza watoto, si kanuni. Wazazi wanaojitolea wanakaribishwa, lakini hakuna mtu mzima, awe mzazi, mwongozaji au mwalimu, anayejitenga na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Haja wanakwenda watoto wawili wawili na mwalimu wa jinsia yao anasimama mbali kidogo, mgongo umegeuzwa. Kwenye begi kuna pedi na sketi ya akiba, na wasichana wote wanajua ziko mfuko upi ili asilazimike mtu kuniomba kwa sauti.

Hesabu iliyonidanganya

Sasa nije kwenye siku ninayoikumbuka kila nikisikia harufu ya matope ya mikoko.

Tulikuwa na watoto 34. Gari lilichelewa saa moja na nusu. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanza, kwa sababu nilisogeza ratiba mbele badala ya kuikata. Maji yalipwa kabisa saa nne na dakika 20, na ndiyo kwanza tunaingia. Tulianza kurudi saa sita kamili. Kwenye minazi nikapanga mstari, nikahesabu vichwa kwa kidole: 34. Nikahesabu tena: 34. Nikawaambia wanawe mikono tule.

Kulikuwa na vifurushi 34 vya chapati na maharage. Kikabaki kimoja mkononi mwangu, na mbele yangu kavulana kasiko na kifurushi, kamesimama kwa heshima, hakajanyoosha mkono. Nikamwambia, "Chukua chako, mwanangu." Akasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi si wa shule yenu, nimekuja kutazama."

Watoto walivaa nguo za nyumbani. Mimi mwenyewe niliwaambia wasichafue sare. Mtoto wa kijiji akaingia mstarini, na idadi ikatimia.

Aliyekosekana alikuwa wa darasa la nne. Alikuwa amefuata kaa koko ndani ya mikoko, akageuka akakuta kimya. Akafanya nilichomfundisha kule Amani mwaka uliotangulia: ukipotea, usitembee, shika mti, piga kelele. Akashika mkoko. Akapiga kelele, lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kwenda kwake. Maji yakaja kifundoni, akashika mti. Yakaja gotini, akazidi kuushika. Yule mzee mvuvi alimfikia saa saba kasoro dakika kumi, maji yakiwa mapajani, na ilibidi ambandue vidole kimoja kimoja, kwa sababu mtoto alimwambia mwalimu amesema asiuachie mti.

Mtoto alikuwa mtiifu. Kanuni niliyompa ilikuwa ya mahali pengine. Msituni, kaa ulipo. Pwani, kaa ulipo ni kuingoja bahari. Siku hizi kabla ya kushuka kwenye gari nawauliza, "Leo tuko wapi?" Wakisema pwani, kanuni ni: ukipotea, ipe bahari mgongo, fuata minazi, ukifika mchanga mkavu ndipo ukae. Wakisema msitu, ndipo wanaposhika mti. Nawafanyisha mazoezi uwanjani shuleni, huku mabomba ya maji yakiwa bahari na mwembe ukiwa minazi. Wanacheka sana, na wanakumbuka.

Hesabu nayo niliibadilisha yote. Kila mtoto ana pacha, na ana namba. Sihesabu vichwa tena. Mimi nasema "Moja!", mwenye namba anajibu jina lake, na pacha wake anamshika mkono juu. Kila mmoja ana kitambaa kifundoni mwa mkono wa kushoto, tulichokata kwenye kanga moja nyekundu iliyochakaa, na asiye na kitambaa si wa kwetu, ingawa tutampa chapati. Mapacha siwachagui kwa urafiki. Marafiki wakuu hupotea pamoja. Mtundu namweka na yule wa kushtakiashtakia, na kwa kazi hii tabia ya kushtakia inapata heshima yake.

Tunahesabu tukishuka kwenye gari, tukivuka mkondo, kila baada ya dakika 15, tukivuka tena na kabla ya injini kuwashwa. Watoto watalalamika. Waache walalamike kwa majina na namba zao.

Miguu, maji na filimbi

Ndala marufuku. Tope la mikoko linazimeza, na mtoto atainama kuitafuta hadi kesho. Yeboyebo zinavuka kwenye mchanga lakini ndani ya mikoko zinabanduka vilevile. Kinachofaa ni raba kuukuu za kufunga kamba, na soksi. Sketi ndefu inachota tope na kumwangusha mtoto, kwa hiyo wasichana wanavaa suruali chini na kuipandisha sketi kiunoni. Mzazi mmoja alipinga jambo hili, nikamwalika aje avae yeye kanga na atembee mikokoni. Alikuja. Hakupinga tena.

Maji ya kunywa ni lita moja na nusu kila mtoto, na nayakagua asubuhi kama nguo za usafi, kwa sababu wengine hujaza soda. Nawanywesha kwa filimbi, wasingoje kiu. Mtoto akilalamika kichwa, akanyamaza ghafla au akaacha kutoa jasho juani, anakwenda kivulini, analowanishwa, anapepewa. Akiwa anaongea vizuri, anakunywa kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, hatungoji, gari linaondoka, na tunaendelea kumlowanisha njiani. Kama pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini zimekwisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukizidisha chumvi unamdhuru.

Filimbi ina maneno mawili tu. Mlio mmoja mrefu: simama ulipo, nyamaza. Mitatu mifupi: njoo kwangu sasa. Nilijaribu zamani kuwa na ishara tano, nikajichanganya mwenyewe.

Ndani ya mikoko

Watoto wanajifunza kutambua mkoko kwa miguu yake iliyojikunja, mchu kwa mizizi yake iliyochomoza kama penseli, mkandaa, mlilana, mkomafi na matunda yake kama mpira. Na kila mti una namna yake ya kuumiza. Ile mizizi ya mchu ukiiangukia inachoma kiganja. Miguu ya mkoko ina chaza waliojishika, na kingo zao ni wembe. Kwa hiyo sheria ya mikokoni: shika shina, usishike mzizi, wala usiruke kutoka mzizi hadi mzizi. Aliyekatwa na chaza anaoshwa kwa maji safi mengi na sabuni, tope lote litoke, kisha anafungwa na kupelekwa zahanati kuulizia sindano ya pepopunda. Kidonda cha tope la mikoko kinachoonekana kidogo leo ndicho kinachovimba keshokutwa.

Kaa koko akimbana mtoto kidole, kila mtu atataka kumvuta. Usimvute. Teremsha mkono na kaa wake ndani ya maji au topeni, utulie, naye mara nyingi ataachia akimbie. Kuna pia mizinga ya nyuki mikokoni, watu wanaitundika kwa ajili ya asali, kwa hiyo kwenye safari ya ukaguzi naiuliza iko wapi, na njia tunaipinda.

Kwenye mwamba na mchanga sheria ni ya macho: tazama kwa macho, gusa nilichogusa mimi. Konokono wazuri wenye umbo la koni wanachoma kwa sumu, na uzuri wao ndio unaomwita mtoto. Samaki taa hujifukia mchangani, kwa hiyo kwenye maji tunatembea kwa kuburuta miguu, ashtuke aondoke kabla hajakanyagwa.

Chupa ya chai

Sumu ya mwiba wa tasi, wa taa na wa samaki wale wanaofanana na jiwe haipendi joto. Sehemu iliyochomwa inaingizwa kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, na maumivu hupungua. Mtu mzima ndiye anayepima kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hawezi kupambanua joto na atababuka. Nachanganya maji ya chupa na ya baharini kwenye beseni dogo. Baada ya hapo anakwenda zahanati hata akisema amepona, na kama ni samaki jiwe, au mwiba umeingia tumboni au kifuani, hakuna kuchomoa wala kusubiri, moja kwa moja hospitali.

Yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, ni kesi nyingine. Hapo osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, ondoa nyuzi kwa kibano au mkono wenye glavu, usisugue mchanga. Na mkojo, jamani, mkojo tuuache. Kila safari kuna mvulana anayejitolea.

Nyoka sasa. Akionekana, filimbi moja, wote wanasimama, tunarudi nyuma tulikotoka, tunamwacha apite. Hakuna mawe. Mtoto akiumwa: anakaa chini, anatulizwa, anavuliwa viatu na bangili kabla ya kuvimba, kiungo kinafungwa kijiti kisitikisike, anabebwa. Hatembei. Hatukati, hatunyonyi, hatufungi kamba ya kukaza, hatuweki jiwe la nyoka. Najua kila kijiji kina mtu mwenye jiwe hilo na kina hadithi ya aliyepona nalo. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na wengine wenye sumu wanauma bila kuitia, kwa hiyo jiwe hupata sifa za bure wakati dakika za hospitali zinakwisha. Fira akitema machoni, osha kwa maji mengi, mfululizo, dakika 15 na zaidi, kisha hospitali.

Amani na Amboni, kwa kifupi

Msituni kinachotusumbua zaidi ni siafu na upupu. Anayeongoza anatazama chini, na akiona siafu tunavuka kwa kuruka, mmoja mmoja. Aliyepandwa anavuliwa nguo haraka nyuma ya kanga, aibu baadaye. Upupu usikune: bandika plasta ya gundi, bandua, rudia, kisha osha. Hakuna tunda linaloliwa njiani, hata mtoto akiapa bibi yake hulila. Zile mbegu nzuri nyekundu zenye jicho jeusi, za mturituri, ambazo wasichana hupenda kutunga shanga, zina sumu kali zikitafunwa, na ndulele nayo ni ya kutazamwa tu. Nyuki wakichafuka, hakuna kupunga mikono wala kusimama: kimbia moja kwa moja, funika uso, ingia garini au ndani ya nyumba. Miiba inatolewa upesi, kwa kukwangua ukucha.

Radi ikianza kuunguruma hatujifichi chini ya mti mkubwa wala hatungoji tuone. Tunakwenda garini na kukaa humo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Amboni hatuingii bila mwongozaji wa pale, na kila mapacha wana tochi yao, si tochi moja ya mwalimu. Popo hawashikwi, kinyesi chao hakichezewi, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Mwenye pumu anabaki nje na mtu mzima kama vumbi ni jingi, na nje kuna mengi ya kuona.

Mlangoni mwa shule

Safari haiishi gari likisimama. Ndipo walimu huchoka na kuanza kuangalia simu. Watoto wanashuka upande wa shule, si upande wa barabara, nasi tunahesabu kwa mara ya mwisho, kwa jina. Kila mtoto anakabidhiwa kwa aliyetajwa kwenye fomu. Binamu ambaye hajatajwa anasubiri nipige simu, hata akinuna. Mzazi wa aliyejikata, aliyechomwa au aliyetapika njiani anaambiwa palepale, na kuelezwa nini cha kutazama usiku: homa, uvimbe unaopanda, mtoto kushindwa kuamka vizuri.

Mara moja nilidhani tumemaliza, nikabaki na kitambaa chekundu kimoja ambacho sikujua kimetoka kwa nani. Nilipiga simu 12 usiku ule. Mwenyewe alikuwa amelala kwao saa nyingi, kitambaa alikivua garini kwa sababu kilikuwa kinamwasha. Siku hizi vitambaa navikusanya mlangoni, mkono kwa mkono, na mwenye nacho ndiye anayetoka.